Maswali yenu: Kuber, mairungi (miraa), na kijana anaelala steji

Wiki hii karibu meseji zote ni za vijana na madawa, nimechukua nne, wengine mnivumilie kidogo.

Mwalimu, nimekuta kipakiti kwa mfuko wa sare ya mwanangu wa miaka 14, anasema ni majani ya chai. Mama, Busia.

Mama, kama kimeandikwa Kuber hio sio chai, ni tumbako ya kuweka ndani ya mdomo, haina moshi ndio maana mtoto anaweza kukaa nayo somo zima mbele ya mwalimu na mwalimu asijue kitu (na mi najihesabu hapo). Nikotini inapita kwa fizi inaingia kwa damu na mtoto anazoea upesi sana. Sheria ya tumbako ya 2015 iliipiga marufuku hapa Uganda na hata tumbako nyingine haifai kuuziwa mtu wa chini ya miaka 21, lakini biashara ya kificho unaijua mwenyewe. Sasa usianze na kiboko. Kaa nae jioni mkimenya matoke, na usimuulize nani amekupa, muulize huwa unaitumia saa ngapi. Akisema kabla ya hesabu, au saa ya njaa, au akiwa na wale wakubwa, hapo ushajua uanzie wapi, jina la muuzaji litakuja lenyewe.

Eti mairungi inasaidia kusoma usiku? Tuna mtihani wa taifa wa UNEB. S4, Jinja.

Usingizi inaondoa, hio kweli, moyo unakimbia na njaa inapotea. Lakini mdogo wangu ulichosoma kinashika kichwani ukiwa umelala, sasa ukitafuna hadi alfajiri unaingia kwa chumba cha mtihani macho yamekutoka na kichwa ni tupu. Lala saa nne, amka saa kumi.

Shisha je, si maji yanachuja?

Hapana. Maji yanapoza moshi tu, sumu inabaki. Na imepigwa marufuku na sheria ile ile ya Kuber.

Mwalimu, kijana wangu wa miaka 17 anavuta njaga (bangi), ameuza hadi simu ya mama yake, nikamfukuza, sasa analala steji ya boda. Nimekosea? Baba, Arua.

Mzee, hasira yako naielewa, simu sio kitu kidogo. Lakini huko steji nani anamlisha? Mara nyingi ni yule yule anaemuuzia, na hapo deni linaanza. Mimi niliwahi kumtoa mwanafunzi darasani sababu ananuka njaga nikajiona nimefanya kazi, kumbe nimempa asubuhi nzima ya bure akavute tena. Mrudishe, ila kwa masharti: pesa mkononi hapana, na mwende wote kwa kitengo cha afya ya akili pale hospitali ya rufaa ya Arua, wakiona hali ni nzito watawaelekeza Butabika, hospitali kuu ya magonjwa ya akili kule Kampala. Kama anakunywa na waragi, ile pombe kali, kila siku usimwachishe ghafla nyumbani, mwili unaweza kutetemeka hadi kifafa, hio ni kazi ya daktari. Namba 116 ya watoto pia ni ya bure, piga hata wewe.

Ila leo peleka chakula steji kwanza, mengine mtaongea njiani. Simu ya mama yake atailipa kidogo kidogo.