Vile vyuma vinavyochungulia juu ya paa

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Nyumba ya familia, bora ya chini au ya ghorofa?" Mtu aliyepanda daladala hapa Unguja kutoka Darajani hadi Fuoni na kutazama dirishani anajua kwamba watu wetu wengi hawajachagua hata moja. Wanajenga ya chini, wanamimina zege la juu, kisha wanaacha vyuma vya nguzo vimechomoza futi tatu, vinangoja mtoto aoe. Paa halipauliwi kwa sababu "tutapandisha", na hakupandishwi kwa sababu fedha haijapatikana. Vyuma vinapigwa na masika, vinapigwa na vuli, na kusi ikivuma inavipaka chumvi. Basi nitajibu habari za vyuma, mtanisamehe.

Msimamo nautoa mapema: jenga ya chini, vyuma vikate.

Iko nyumba moja upande wa Kwarara, ya vyumba vinne na ukumbi, nguzo 12, zege la juu la sentimita 15. Mwenyewe aliacha nondo za mm 16, nne kwa kila nguzo, na zilikaa hivyo miaka tisa. Katika miaka hiyo zilifanya kazi zote isipokuwa ile ziliyowekewa. Zilifungiwa kamba za kuanikia nguo na waya wa antena, na pale zilipozuia njia ya tangi la maji zilikunjwa, tangi likapita, zikanyooshwa tena. Chini, kwenye sebule, dari ikaanza kutoka madoa ya rangi ya chai, kila doa karibu na nguzo. Kila mtu alisema zege linavuja. Kweli lilikuwa linavuja, lakini maji yalikuwa na njia yao: yanateremka na nondo, yanaingia pale chuma kinapozama kwenye zege, yanatulia humo.

Mtoto akaposa. Fundi akaitwa, saruji mifuko 60 ikateremshwa, mbao na nguzo za mivinje zikaegemezwa ukutani. Matofali ya kwanza yalikuwa yameshapandishwa juu pale shemeji wa mwenye nyumba alipomleta fundi sanifu atazame. Yule bwana hakusema mengi. Aliomba brashi ya waya, akakwangua chuma kimoja pale shinani. Kutu ilitoka vipande vipande kama magamba ya changu. Alipopima kilichobaki kwa kalipa, kile chombo cha kupimia unene, alipata mm 13.

Fundi wa nyumba akasema chuma ni chuma, mm 3 si kitu. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo tufanye hesabu. Nguvu ya nondo iko kwenye eneo la mkato wake, na eneo linakwenda kwa kipenyo kuzidishwa kwa chenyewe: 13 kwa 13 ni 169, 16 kwa 16 ni 256. Theluthi moja ya chuma ilikuwa imekwisha. Zile zilizokunjwa na kunyooshwa zilikuwa na hali mbaya zaidi, maana chuma kikikunjwa baridi na kurudishwa palepale huweza kuingia nyufa ndogo ambazo jicho halizioni.

Wakavunja kichwa cha nguzo moja, sentimita 60 kwenda chini, kwa patasi na nyundo. Ringi mbili za juu, vile vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo pamoja, zilikuwa zimeliwa. Zege la pembeni lilikuwa limepasuka kwa urefu, na sababu ni kwamba chuma kikishika kutu huvimba, na zege halina pa kukwepea. Hata hivyo, chini ya hapo chuma kilikuwa kizima, cha buluu kama kilivyotoka dukani. Ikaonekana jambo linatengenezeka: vunja vichwa vyote 12, unga nondo mpya kwenye chuma kizima, mimina upya. Ni kazi ya wiki mbili.

Yule fundi sanifu akaomba jambo moja zaidi, kuchimba pembeni ya nguzo ya katikati mpaka kwenye kitako chake, lile zege pana la chini linaloikalia nguzo. Saa mbili za jembe. Kitako kilikuwa sentimita 80 kwa 80, unene sentimita 20, kimekaa juu ya kinongo, ule udongo wetu mwekundu, kizuri kilichoshindika.

Je, kingebeba ghorofa? Nguzo ya kati pale inabeba eneo la mita 4 kwa 4, yaani mita mraba 16. Zege la sentimita 15 ni kilo 360 kwa kila mita mraba, kwa hiyo zege peke yake ni karibu tani 6. Ongeza kuta za juu za tofali la inchi 5 pamoja na lipu yake, karibu tani 7. Ongeza vigae na saruji yake, watu, makabati, bati na mbao za kenchi, kama tani 4. Jumla tani 17. Kinongo kilichoshindika ukikikisia tani 15 kwa mita mraba hujakionea, na kitako kile kina mita mraba 0.64. Kinabeba tani 9 na nusu. Kwa nyumba ya chini kilitosha na kubaki. Kwa ghorofa, hata chuma kingekuwa kipya kabisa, nguzo ingezama polepole, na ile ya kati ingezama kuliko za pembeni, na kuta zingepasuka kwa mshazari kutoka pembe za madirisha.

Kazi ikasimama. Mifuko 60 ikabaki chumbani juu ya sakafu tupu, bila mbao chini, ukutani imegusa. Saruji iliyokaa hivyo miezi mitatu huwa imeshapoteza sehemu ya nguvu yake. Iliyoganda mabonge ilitupwa, iliyosalia ikaenda kwenye ukuta wa ua. Bwana harusi akajengewa chumba, ukumbi na choo kwa nyuma, na kwa haki ya Mungu bibi harusi alifurahi zaidi kuliko angekaa juu ya kichwa cha mama mkwe. Nondo zikakatwa. Zege la juu likawekewa mteremko wa sentimita 10 kwa mita 8, kisha likaezekwa bati.

Nilikusudia kuishia hapo, mfano umetosha. Lakini rudini kwenye kile kitako.

Kingekuwa mita 1.2 kwa 1.2, unene sentimita 35, kingebeba tani 21 juu ya kinongo kilekile. Tofauti ya zege ni chini kidogo ya mita za ujazo 0.4 kwa nguzo, ambayo kwa nguzo 12 ni mita za ujazo 4.5. Kwa mchanganyo wa 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto, mita moja ya ujazo inakula saruji mifuko 6 na nusu. Basi ni mifuko 30. Nondo za mm 12 za kusuka mkeka wa chini, kila sentimita 15, zingeongezeka 10 hivi za mita 12. Mifuko 30 na nondo 10, siku ambayo shimo liko wazi na vibarua wapo. Hicho ndicho kilichokosekana. Baada ya hapo, kukipanua kitako chenye nyumba juu yake ni kazi nyingine kabisa, na bei yake watu huiuliza mara moja tu.

Kwa hiyo ule msimamo wangu wa mwanzo unanilegea mkononi. Nyumba ya familia huku kwetu haiwi ya familia moja kwa miaka ishirini. Viwanja vimekwisha, yale mashamba ya eka tatu tatu waliyogawiwa watu baada ya Mapinduzi yamekatwa vipande vya futi 40 kwa 60, njia kati yake haipiti hata lori la mchanga. Mwenye kijana wa kuoa atakwenda juu tu, apende asipende. Basi afanye hivi.

Udongo kwanza, kabla ya ramani. Chimba mashimo mawili matatu ya mita moja na nusu. Kinongo na kichanga kilichotulia ni vyema. Kinamo, kile cheusi kinachonata masika na kupasuka nyufa za vidole kaskazi, usikiwekee ghorofa kwa makisio ya mtaani. Huvimba na kunywea, na Pemba kipo mabondeni kwingi. Huko mtafute mhandisi, au ubaki chini. Maweni watu huyaona msingi wa bure, lakini jiwe letu la matumbawe lina mapango. Gonga kwa mtaimbo kila penye nguzo na usikilize: likilia kavu, endelea, likiitikia kama ngoma, toboa ujue lina nini.

Ramani ioneshe ngazi tangu siku ya kwanza. Ghorofa ya kimo cha mita 3 inataka vidato 18 vya sentimita 17, kwa mikondo miwili yenye pahala pa kupumzikia. Hiyo ni nafasi ya mita 2.2 kwa 3.4, na bora iwe na mlango wake wa nje. Nyumba nyingi zina vyuma juu na hazina pa kupitisha ngazi. Sebule nayo isizidi mita 4 upana bila boriti. Wazee wa Mji Mkongwe walijenga ghorofa mbili na tatu bila nondo, kwa mawe na chokaa, kwa sababu boriti za mikoko zilikuwa na urefu wake na chumba kilifuata urefu huo. Sisi tumepata chuma, tukaona kila sebule iwe uwanja wa mpira.

Nondo ipime kwa mizani. Mita moja ya mm 12 ni kilo 0.89, ya mm 16 ni kilo 1.58. Ikipungua sana hapo, umeuziwa jina. Maji ya kuchanganyia yasiwe ya kisima cha pwani chenye chumvi, na mchanga wa ufukweni usiutie kwenye zege lenye chuma hata ukiletewa mlangoni usiku. Maji lita 25 kwa mfuko, zaidi kidogo au pungufu kidogo kulingana na unyevu wa mchanga. Fundi anayependa zege liteleze kama uji anajirahisishia yeye. Pima kwa sanduku la mbao la sentimita 35 kwa 33 kwa 30, ambalo ni mfuko mmoja kamili, maana karai la asubuhi na karai la saa tisa mchana havijazwi sawa. Zege likishamiminwa liloweke siku 7, hasa wakati wa kusi ambapo upepo hulikausha uso kabla halijashika: kwa mita mraba 100, maji ya kina cha sentimita 2 na nusu ni lita 2,500, kwa hiyo tangi lijae kabla ya siku ya kumimina, usitegemee bomba. Nguzo za mivinje zinazolishikilia zege zibaki siku 14, na zile zilizo chini ya boriti siku 21.

Na vile vyuma? Kama kweli utapandisha, viache, lakini vifunike. Kwa mm 16 acha sentimita 80 za kuungia, zaidi ya hapo ni kulisha kutu. Vipake uji mzito wa saruji mara mbili, visimamishie fomu ya mbao, umimine zege dhaifu la 1:4:8, lizidi chuma sentimita 5 kila upande na juu liwe na mgongo ili maji yateremke. Siku ikifika linavunjika kwa nyundo na chuma kinatoka safi. Mfuko wa plastiki haufai, ndani yake chuma hutoka jasho. Rangi ya mafuta nayo inazuia zege jipya lisikishike chuma.

Yote haya ni kwa nyumba ambayo bado ni shimo, yenye udongo unaokubali, na kwa familia iliyokubaliana. Hili la mwisho liandikwe. Mtoto akijenga juu ya nyumba ya baba kwa fedha yake, na baba akafariki, ndugu watauliza juu ni ya nani, na mbele ya kadhi maneno ya barazani hayatamsaidia sana. Kibali nacho kiombwe kipya. Cha chini hakipandi juu peke yake.

Kwa hiyo nimeanza na "kata" nikafika kwenye "viache". Ule mstari wa mwanzo sikuufuta, kwa sababu kwa wale ambao nyumba zao zimeshasimama na vyuma viko nje mwaka wa saba au wa nane, bado nasema vilevile. Chimbeni kwanza pembeni ya nguzo ya kati, mpime kitako kwa futi ya mkononi. Kikiwa sentimita 80, kateni, tena chini ya uso wa zege kwa sentimita 3, na kile kishimo kizibwe kwa saruji na mchanga 1:3 kabla ya mvua za vuli.