Barua kwa mwanangu: wale wageni wenye jicho moja

Mwanangu Salim,

Barua yako nimeipata. Unasema umeitazama ile filamu ya Kijapani ya mwaka 1956 niliyokutumia, Warning from Space, na unauliza: viumbe wa sayari nyingine, wenye elimu kubwa namna ile, kwa nini waje duniani kuomba wasikilizwe badala ya kututeka tu?

Kwa sababu waliotengeneza filamu ile kutekwa walikujua, na bomu walilijua. Jeshi la Marekani lilikuwa limeitawala nchi yao mpaka Aprili 1952. Tangu bomu la atomiki la Hiroshima haikuwa imetimia hata miaka 11. Tena Machi 1954 Marekani ikalipua bomu la haidrojeni huko Bikini, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, majivu yenye sumu ya mionzi yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa baharini. Mmoja wao, Aikichi Kuboyama, akafariki Septemba mwaka huohuo. Jodari wakafukiwa ardhini, watu wanaogopa kula samaki. Watu hao ndio waliokata tiketi za kuitazama filamu ile.

Sasa irudie ile sehemu ya yule mgeni wa kike. Umbo lake ni nyota yenye jicho moja katikati, kazi ya msanii Tarō Okamoto, lakini ameazima sura ya msanii wa jukwaani ili watu wasimkimbie. Anacheza tenisi, anaruka juu kuliko binadamu yeyote. Kisha anaiona fomula ya Profesa Matsuda, ya kilipuzi kinacholishinda bomu la haidrojeni, anaichana. Hana silaha, hatishi mtu. Ananyang'anya kama mama anavyomnyang'anya mtoto kisu, maana kwao, kwenye sayari ya Paira, fomula hiyo wanaijua, na hatari yake wanaijua. Ubaya wa mavazi hausumbui tena ukishaliona hilo.

Mwaka uliofuata mwongozaji Ishirō Honda, aliyepita Hiroshima akirudi kutoka vitani China, alitoa filamu ya The Mysterians. Wageni wake wanaomba ardhi ya nusu kipenyo cha kilomita 3 na ruhusa ya kuoa wanawake wa duniani. Sayari yao iliangamia kwa vita vya nyuklia na vizazi vyao vimeharibika. Wameonja balaa lilelile, ila hawa wametoka nalo na ubabe. Mimi moyo wangu uko kwa watu wa Paira, lakini hawa ndio wanaonikosesha usingizi.

Itazame hiyo sasa, uniandikie: ardhi ile, wewe ungewapa?

Mama yako