Shangazi, kila Novemba furaha yangu ya wokovu inazimika

Barua yenyewe nimeipunguza kidogo, mwenyewe atanisamehe:

"Shangazi shikamoo. Mi ni dada wa miaka 34, nimeokoka, naimba kwaya, na naishi nchi ya baridi. Huu ni mwaka wa tatu mfululizo, ikifika Novemba siku zikianza kuwa fupi na giza linaingia saa 10 jioni mi nabadilika kabisa. Nalala masaa 11 na naamka nimechoka, nakula wanga na sukari kama nimetumwa, simu sipokei, kwaya naenda kwa kujivuta. Nikisimama kuimba nyimbo za furaha najiona mnafiki. Nimefunga, nimeombewa nikawekewa mikono, mama mmoja kanisani akaniambia nina roho ya huzuni nitafute dhambi niliyoificha. Nimeitafuta Shangazi sijaiona. Usiku mwingine natamani nilale nisiamke. Machi ikifika nafunguka kama hakikutokea kitu. Je nimepoteza wokovu? Na nikienda kwa daktari si ndo nimekiri kwamba Mungu kashindwa? Nifanyeje nipate furaha? Ni mimi, Mwana wa Giza."

Marahaba binti yangu. Hilo jina ulilojipa sijalipenda, silitumii tena hapa.

Nianze na ule mstari uliouchomeka katikati kama vile haukuwa na uzito, kwamba usiku mwingine unatamani ulale usiamke. Hilo haliwezi kusubiri ushauri wangu mwanangu. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma ikibidi, mtafute mtu mmoja unayemwamini umwambie maneno hayohayo uliyoniandikia mimi, usiyalainishe, halafu uombe nafasi ya kuonana na daktari na umwambie na yeye hivohivo. Na ukiona mawazo yamevuka kutamani yameanza kupanga namna ya kufanya, hapo ni namba ya dharura ya huko uliko au hospitali moja kwa moja, iwe saa nane ya usiku, usiogope kusumbua watu. Nimeshaeleweka? Haya tuendelee.

Hiyo habari ya dhambi iliyofichwa mi imenikera kweli, maana hebu tufikirie pamoja, ni dhambi gani hiyo inayojua kusoma kalenda? Inakuja Novemba, inakaa, Machi inajitubia yenyewe inaondoka, mwaka unaofuata inarudi tarehe zilezile! Huyo mama sidhani kama ana nia mbaya, na siwezi kumtupia mawe kwasababu na mimi miaka hiyo nilishawahi kumwambia rafiki yangu aliyekuwa anazama hivohivo, "we omba tu", nikakata simu nikaendelea na shughuli zangu, na mpaka leo lile jibu langu nikilikumbuka nasikia aibu.

Ulichonielezea kinafanana sana na sonona ya msimu, yaani ugonjwa wa huzuni nzito unaokuja na kuondoka na majira ya mwaka. Daktari ndo atathibitisha, mi sio daktari, lakini kulala kupita kiasi, hamu ya wanga, mwili mzito kama umebeba zege, kujificha watu, tena kwa majira yaleyale zaidi ya mwaka mmoja, hizo ndo dalili zenyewe wanazozitaja. Ilielezwa rasmi kitabibu mwaka 1984 na daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani, sio kitu cha mtandaoni, na inawapata zaidi watu wa nchi za mbali na ikweta, wanawake wengi kuliko wanaume. Kwa wanavyoelewa wataalam, mwanga wa asubuhi ukipungua ile saa ya ndani ya mwili inapoteza majira, homoni ya usingizi inayoitwa melatonini inavurugika na serotonini ambayo inashikilia mudi nayo inayumba. Yaani ubongo wako unakosa jua. Na wapo wachache inawapata majira ya joto badala ya baridi, kwahiyo hata sio habari ya giza la kiroho hata kidogo.

Sasa swali lako la daktari. Fungua 1 Wafalme 19, nakuomba uisome polepole leo kama hujawahi kuisoma. Eliya ametoka kushusha moto mbele ya taifa zima, sura inayofuata yuko jangwani chini ya mti wa mretemu anamwambia Mungu yatosha, iondoe roho yangu. Nabii! Unaona hauko peke yako na ile sentensi yako ya usiku. Na Mungu anamjibuje? Hamkemei, hamwambii atafute dhambi, hata somo hampi. Anatuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na maji, "Inuka, ule." Anakula, analala tena, malaika anarudi mara ya pili na chakula kilekile. Mazungumzo makubwa, lile swali la "unafanya nini hapa Eliya", yanakuja baadae sana, siku 40 mbele huko Horebu, mwili ukishapata nguvu. Najua utaniambia Shangazi mi kula na kulala ndo tatizo lenyewe, sawa, lakini angalia mpangilio wa Mungu, mwili ulianza kuhudumiwa ndo roho ikafuata. Kwako wewe mkate ule ni mwanga. Ukienda kwa daktari hujamwambia Mungu ameshindwa, umeinuka ukala.

Na ukifika kwa daktari muulize kuhusu taa maalum ya tiba, ile ya laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), watu wengi wanakaa mbele yake kama nusu saa kila asubuhi wakishaamka, huitazami machoni, unaiweka pembeni unasoma Neno au unapanga siku yako. Usijinunulie kimyakimya lakini, kwasababu kama una shida ya macho, au umewahi kuwa na vipindi vya mudi kupanda kupita kawaida husikii hata usingizi, taa hiyo inaweza kukuletea balaa lingine. Toka nje asubuhi hata kama kuna mawingu, siku ya mawingu nje bado kuna mwanga mara nyingi kuliko wa sebuleni. Dawa zipo pia na sio dhambi, zikikufaa daktari atakuandikia. Na kuna tiba ya mazungumzo ambayo mi naipenda zaidi kwa mtu kama wewe mwenye sauti kichwani inayosema mnafiki mnafiki, watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont waliwafuatilia watu wenye tatizo hili na wakakuta baada ya majira mawili ya baridi, waliopitia tiba hiyo walirudiwa na sonona kidogo kuliko waliotumia taa. Inakufundisha kubishana na yale mawazo na kurudi taratibu kwenye vitu unavyovikwepa.

Hapo ndo nataka nikae na wewe kwenye hili neno furaha.

Umeniuliza ufanyeje upate furaha, na mi naona umekuwa ukiitafuta ile ya kusikia, ile ya Julai, mwili mwepesi machozi ya raha kwenye sifa. Ile ni zawadi nzuri, ikirudi uishangilie, lakini Biblia haikuiita hiyo peke yake furaha. Paulo anawaambia Wafilipi furahini katika Bwana sikuzote, na anaandika akiwa kifungoni, sidhani kama aliamka kila siku anajisikia vizuri. Habakuki anahesabu hasara zake moja moja, mtini haujachanua, mizabibu haina matunda, zizini hamna ng'ombe, halafu ndo anasema walakini nitamfurahia Bwana. Hilo "walakini" lake mi nalipenda sana maana halikufuta chochote kati ya vile alivyovihesabu, mtini bado hauna maua. Kwahiyo furaha ya msimu wako mwanangu inaweza kuwa ndogo tu na isiyo na kelele, inaweza kuwa ni kusema "Bwana bado ni wangu" huku moyo hausikii kitu, alafu ukasimama ukavaa viatu. Siku nyingine hata hiyo haitatoka, na Zaburi ya 88 iko pale kwa ajili ya siku hizo, inaanza kwa kilio inaishia gizani bila hata haleluya moja mwishoni, na bado waliiacha ndani ya kitabu cha sifa. Soma hiyo. Usijilazimishe ya 150 mwezi Januari.

Na kuimba kwako sio unafiki. Mnafiki anaimba ili watu wamuone vile asivyo. Wewe unaimba kitu unachokiamini ila hukisikii, hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na mwandishi wa Zaburi ya 42 alikuwa anafanya hivohivo, anaisemesha nafsi yake, kwa nini kuinama nafsi yangu, umtumaini Mungu. Anaiimbia nafsi iliyogoma. Ila kama kuna Jumapili huwezi kusimama, kaa, wenzako wakuimbie. Wale watu wanne waliomshusha mgonjwa kupitia darini kwenye Marko 2, imeandikwa Yesu alipoiona imani YAO. Yule wa kwenye godoro hatujaambiwa alikuwa na imani kiasi gani, labda hakuwa nayo kabisa siku ile. Alibebwa. We unataka kila mwaka ujibebe mwenyewe na godoro lako, haiwezekani.

Kuna mhubiri mmoja Mwingereza wa karne ya 19, Charles Spurgeon, maelfu walikuwa wanakuja kumsikiliza London, na alisema wazi mbele ya wanafunzi wake wa uchungaji kwamba sonona inamshika. Na unajua alikuwa anafanya nini? Majira ya baridi alikuwa anaondoka anaenda Menton kusini mwa Ufaransa kwenye jua, mwaka baada ya mwaka, na hukohuko ndo alifariki Januari 1892. Alikuwa na maradhi mengine pia, lakini hakuona kwamba kufuata jua ni kukosa imani. Sisi wengine nauli ya Menton hatuna, basi tutumie taa.

Sasa jambo ambalo ndo hasa lilinifanya niichague barua yako kati ya zote. Ugonjwa wako una kitu ambacho wengi wenye sonona wangekitamani, unatoa taarifa. Unaujua mwezi wake. Na kwenye Mwanzo 41 Yusufu alipoona kwenye ndoto za Farao kwamba njaa inakuja hakuikemea isije, alihesabu akaweka sehemu ya tano ya mavuno kwenye miaka ya kushiba. Wewe umekuwa ukifanya nini Machi ikifika? Unafunguka, unashukuru, unasahau, unaishi kama njaa haitarudi, Novemba inakukuta ghala tupu. Machi ijayo usifanye hivo. Ukiwa mzima, jirekodi kwenye simu ukisema kwa sauti yako Mungu amekutendea nini, taja vitu kwa majina, maana Januari sauti ya mchungaji hutaiamini ila ya kwako mwenyewe ni ngumu kuikatalia. Chagua zaburi chache uzihifadhi kichwani wakati kichwa kinafanya kazi. Panga na watu wawili kabisa kwamba kuanzia mwishoni mwa Oktoba nisipopokea simu msikasirike, njooni mlangoni, na nikisema siendi popote nitoeni nje robo saa tu kwenye mwanga. Miadi ya daktari iwekwe Septemba, sio Desemba ukiwa huwezi hata kujaza fomu. Na mwalimu wa kwaya aambiwe mapema, asikupe solo ya Krismasi halafu ukaanza kujificha.

Kwa mwaka huu ambao umeshaingia humo ndani, ghala liko kwa wenzako, ukope. Muombe mtu akutumie msg ya mistari miwili kila asubuhi, usijilazimishe kujibu. Saa ya kuamka iwe ileile kila siku hata kama usingizi unakudai. Maombi yawe mafupi, Baba Yetu inatosha, wala usijihesabie dakika. Na tarehe 21 Desemba hivi huko kaskazini ndo usiku mrefu kuliko wote, kesho yake mchana unaanza kuongezeka hata kama wewe huoni tofauti kwa wiki kadhaa, mi naona sio vibaya kuiwekea alama kwenye kalenda yako.

Wokovu hujapoteza. Hukuupata kwa kujisikia vizuri, utaupotezaje kwa kujisikia vibaya?

Yule mama wa kanisani, akikufuata tena, mwambie tu "nashukuru, naomba uniombee nipone", na usimpe maelezo zaidi ya hapo, huna nguvu za kubishana saa hizi. Kuna mtu mwingine naye ulimtaja kwenye barua ndefu ambayo sijaiweka yote hapa, yule dada wa sauti ya pili aliyekupigia mara nne wiki iliyopita ukaiacha simu iite. Huyo ndo umpigie leo, halafu niandikie uniambie alisema nini.