Kabla mtu wa kangomba hajafika

Ndugu mhariri na wasomaji wenzangu, shikamooni wakubwa. Wiki iliyopita mliuliza vikundi vya akina mama makanisani vinasaidia nini familia za kijijini, zaidi ya sare na kwaya. Mimi niko umoja wa akina mama wa Anglikana huku upande wa Masasi, na jibu langu ni moja tu, vinasaidia familia isiuze korosho zake zikiwa bado juu ya mti.

Kwa asiyejua maisha ya kusini, huku pesa inaonekana kwa msimu. Korosho zinaokotwa kuanzia kama mwezi wa kumi, mnapeleka AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika cha wakulima, zinapimwa, zinaenda ghala kuu, mnada unafanyika, alafu ndio unasubiri hela iingie benki. Huo ndio mfumo wa stakabadhi ghalani, kwenye korosho ulianza 2007, na mimi nauunga mkono kwa sababu angalau bei inajulikana na mzani upo. Sasa hela ikishaingia inalipa madeni, Januari shule zinafunguliwa, daftari, viatu, michango, na ukifika mwezi wa pili ndani hamna kitu na mahindi shambani bado mabichi. Hapo watu wanaingia porini kuchimba ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa. Na hapo hapo ndio anapokuja mtu wa kangomba, anakaa kwenye mkeka wako anakusikiliza vizuri kabisa, anakupa hela leo kwa korosho za msimu ujao, bei ya kutupa, au msimu ukianza anakupimia kwa bakuli badala ya mzani. Serikali imekataza lakini mama mwenye mtoto anaharisha usiku hakumbuki katazo, anakumbuka nauli ya kwenda hospitali.

Sisi tunachofanya ni kuwahi kufika kabla yake, na hapo sizungumzii maombi peke yake jamani, ingawa tunaomba sana. Kila jirani ni macho. Mwaka juzi kulikuwa na nyumba moja baba alivunjika mguu kipindi cha palizi na mkewe ndio kwanza katoka kujifungua, taarifa ililetwa na bibi mmoja aliyeona tu kwamba asubuhi ile nyumba haitoi moshi. Kesho yake tukaenda na majembe, tumejifunga khanga kiunoni, wengine wanapalilia mahindi wengine wanafyeka chini ya mikorosho, wawili wamebaki nyumbani na mzazi wanamkandia maji ya moto na kumpikia uji. Unga wa muhogo ulikuja kwenye kindoo cha rangi, kila mtu kamimina kibakuli chake humo humo kwahiyo rangi haikuwa moja, mwingine mweupe mwingine wa kijivu kidogo, na katibu hakuandika nani kaleta kiasi gani. Hilo tumekubaliana toka zamani, hela inaandikwa kwenye daftari, chakula hakiandikwi, maana ukiandika chakula yule maskini kuliko wote ataacha kuja.

Yule baba alikuwa keshaongea na mtu wa kangomba, walibakiza kupeana hela tu. Tukamkopesha nauli na hela ya kufungwa plasta mguu kutoka mfuko wetu, akarudisha baada ya mnada, bila riba. Korosho zake alipeleka mwenyewe AMCOS, yaani alipeleka mtoto wake na mkokoteni, yeye alikuwa bado anachechemea.

Na familia ile ni Waislamu. Nalisema kwa sababu kuna wanaosema tunasaidia wa kwetu tu. Huku kwetu nyumba moja utakuta shangazi anakwenda msikitini na mpwa yuko kwaya, sasa utagawaje unga kwa dini? Kuna mama mmoja kwenye kikao alitaka tuanze na washirika kwanza, tukabishana kweli kweli, mimi nilisimama nikakataa na nitakataa tena.

Mnajua huu umoja wetu ulianzishwa na Mary Sumner, mke wa mchungaji kule Uingereza, mwaka 1876, na mwaka ule ule Askofu Steere, mmisionari wa Anglikana aliyekuwa Zanzibar, alileta Masasi watu waliokombolewa utumwani, safari yao ilikuwa ya Ziwa Nyasa wakaishia hapa. Wale watu hawakuwa na ukoo hapa, mjomba hayupo, bibi hayupo, wa kuwalilia msibani hayupo zaidi ya wale waliofuatana nao. Mimi nikiwaza hilo naona ndio maana kanisa huku linatakiwa kufanya kazi ya ukoo, sio kazi ya jumapili tu. Vijana wengi wameenda Dar, wazee wamebaki na wajukuu, ukoo umepungua tena.

Sare sizikatai, zinatupa heshima na tukiingia nyumba ya msiba tunajulikana. Ila nawaomba mapadri wetu, mkipanga michango ya sherehe msiipange mwezi wa pili na wa tatu. Mama akilipa kitambaa cha sherehe mwezi wa tatu, mwezi wa nne anaenda kuomba kangomba, nimeliona hilo kwa watu ninaowapenda.

Sasa hivi tumekubaliana kila mwanachama akivuna mbaazi mwezi wa nane atoe debe moja, tunaweka kwenye chumba cha nyuma pale kanisani mpaka kipindi cha njaa. Kinachotusumbua ni wadudu, mwaka jana mbaazi zilitobolewa karibu zote na dawa za unga tunaziogopa kwa ajili ya watoto. Nasikia kuna ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, kama kuna msomaji wa Masasi, Nachingwea au Newala ameitumia kwa mbaazi aandike hapa inapatikana duka gani na inadumu misimu mingapi, tunataka kununua kabla ya mavuno.