Wakili kijana, kabla ya kugombea ubunge

Mawakili vijana huniuliza kama wakati wao wa kugombea umefika. Nimekuwa karani wa wakili hapa Kakamega kwa miaka mingi, na bosi wangu wa kwanza aliingia Bungeni akakaa vipindi vitatu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfungulia ofisi kabla mji haujalijua jina lake, kwa hiyo nitasema niliyoyaona.

Asubuhi moja alifika kukhu, bibi mzee, kutoka Shinyalu na karatasi zake ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia: barua ya chifu, cheti cha kifo cha mumewe, hati ya shamba iliyokunjwa hadi ikachanika kwenye mikunjo. Alitaka kumshtaki shemeji yake. Wakili alizitandaza mezani akazisoma zote, kisha akamwambia kwa Kiluhya, polepole, kwamba hapo hakuna kesi ya kushtaki mtu. Kinachotakiwa ni mirathi: ombi liende mahakamani, litangazwe kwenye Gazeti Rasmi, zingojwe siku 30 kama yupo mwenye pingamizi. Pesa alizokuwa amezifunga kwenye leso, alimrudishia nusu.

Watu hudhani wakili hujenga jina kwa kesi alizoshinda. Yeye aliaminiwa kwa sababu alikuwa na moyo wa kukwambia "huna kesi" huku pesa yako iko mezani. Baada ya 2013, serikali za kaunti zilipoanza, wananchi walipomfuata wakitaka barabara ya kijijini na dawa za zahanati, aliwajibu vivyo hivyo: hayo ni ya kaunti, mkamuulize gavana, kwangu ulizeni sheria, bajeti ya taifa, na hela za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, za madarasa na basari. Kuna wadi zilimnunia. Hakubadilisha jibu.

Subira nayo. James Orengo, wakili, aliingia Bungeni mwaka 1980 akiwa mbunge wa Ugenya. Mwaka 2002 aligombea urais akashindwa, akarudi Bungeni 2007, akawa seneta wa Siaya kuanzia 2013, na 2022 akachaguliwa gavana. Ukienda na hesabu ya muhula mmoja, utavunjika moyo mapema.

Na ujue kazi yenyewe iko wapi. Mswada ukisomwa mara ya pili, hotuba huwa nyingi na kamera zipo. Kwenye kamati, kifungu baada ya kifungu, viti vingi hubaki vitupu. Aliyezoea kuandika mikataba ya mashamba ndiye anayeona kwamba waziri "lazima" afanye na waziri "anaweza" kufanya ni sheria mbili tofauti kabisa. Hapo ndipo wakili wa mji mdogo anapofaa kuliko msemaji hodari.

Kosa letu moja bado linaniuma. Kampeni zilipopamba moto, faili zilibaki kabatini. Mteja wetu kutoka Malava alisimama mahakamani peke yake, na kesi yake ikatupwa. Basi kabla hujapeleka karatasi zako IEBC, tume ya uchaguzi, keti na karani wako siku nzima. Kila faili itafutiwe wakili mwingine, mteja akubali mwenyewe, pesa zake zilizobaki azipate mkononi, na tarehe ya kutajwa kesi iandikwe kwa kalamu nyekundu juu ya jalada.