Mleta mada, soma kwanza bahasha ya dawa ya mama

Pole na kuuguza. Umeuliza kama mama aache methotreksati anayomeza kwa baridi yabisi, kwa kuwa jirani kamwambia ni dawa ya saratani. Kweli hutumika kwenye saratani, ila huko dozi ni kubwa mno. Baridi yabisi ni kinga ya mwili kugeukia viungo vyake yenyewe, na dozi hii ndogo inaituliza. Mimi naimeza mwaka wa sita sasa.

Kabla ya hapo niliishi kwa diklofenaki. Usiku unalala, alfajiri vidole vimekakamaa, kitenge sikikamui, chupa ya chai nafunguliwa na mwanangu. Tumbo nalo likaanza kuchoma. Kumbe ile inatuliza maumivu tu, viungo vinaendelea kuliwa.

Sasa shika hili kuliko yote: methotreksati ni MARA MOJA KWA WIKI. Nilianzishiwa vidonge vinne vya miligramu 2.5, kila Jumapili. Duka la dawa likaniandikia kwenye bahasha "4x1", nami nikameza kila siku. Alhamisi asubuhi mdomo mzima vidonda, hata uji vuguvugu sipitishi. Nikalazwa. Kosa hilo huua watu, sitishii. Siku hizi kopo langu nimeliandika JUMAPILI kwa maka peni, herufi kubwa.

Asidi ya foliki asiiruke, inapunguza kichefuchefu na vidonda. Mimi naimeza Jumanne. Avumilie pia, maana dawa huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi. Katikati hapo daktari anaweza kumpa prednisoloni kidogo, steroidi inayotuliza uvimbe haraka. Itamfanya ajisikie binti, na hapo ndipo mtego ulipo: ikizoeleka inapandisha sukari na kula mifupa. Ndiyo maana nazishuku zile "dawa za viungo" za mtaani zinazoponya kwa siku mbili, baadhi hukutwa na steroidi ndani.

Vipimo vya damu, ini na figo asikwepe, hata akijisikia mzima. Pombe aache. Na akienda zahanati kwa kikohozi au UTI, aseme mapema anameza nini, asipewe Septrin. Hiyo ikikutana na methotreksati inaweza kuangusha chembe za damu vibaya.

Asiache dawa kwa neno la jirani. Ila leo hii mwombe akusomee bahasha yake: imeandikwa kila wiki au kila siku?