Siti ya ngozi iliyo safi haing'ai

Gari langu, Harrier ya mwaka 2006, lilishuka bandarini Dar es Salaam likiwa na siti za ngozi rangi ya maziwa. Kwenye karatasi ya mnada wa Japani hali ya ndani ilikuwa imepewa B, na kweli siti hazikuwa na mpasuko hata mmoja. Kitu kimoja tu kilinisumbua: hazikuwa ziking'aa. Nikadhani zimepauka, nikaanza kuzihangaikia. Miaka miwili baadaye ukingo wa siti ya dereva, ule unaosuguliwa na paja kila unapopanda na kushuka, ulikuwa umepasukapasuka kama jaruba la mpunga wakati wa kiangazi, na rangi inabanduka.

Nilichokuwa nafanya ndicho wengi wetu tunachofanya. Kila Jumamosi napeleka gari likaoshwe, vijana wanasugua siti kwa brashi ngumu na sabuni ya unga, kisha wanapulizia ile dawa ya kung'arisha dashibodi hadi siti inateleza. Katikati ya wiki, nikiwa nyumbani, naongezea mafuta ya nazi. Ngozi ni ngozi, nilijiambia; ya mtu hupakwa mafuta isipauke, kwa nini ya siti isipakwe?

Fundi wa siti niliyempelekea hakuanza na bei. Alipitisha kidole gumba kwenye ule ukingo, akakifuta kwenye karatasi nyeupe, akanionyesha: alama ya kahawia, ya mafuta, kama karatasi iliyofungiwa chapati. "Dada, ngozi yenyewe hujaifikia hata siku moja," akaniambia. "Umekuwa ukiipaka mafuta rangi."

Maneno yale ndiyo yaliyonifumbua macho. Siti za ngozi za magari karibu yote tunayoendesha zimepakwa rangi kiwandani, na juu ya rangi kuna utando mwembamba usio na rangi, jamii ya plastiki, unaozuia maji na uchafu. Unapofuta siti, unafuta ule utando. Mafuta ya nazi hayapenyi pale. Yanabaki juu, yanakamata vumbi, na vumbi la barabara zetu likichanganyika na mafuta linakuwa msasa. Kila unapoketi, unasugua. Yanapopenya ni kwenye nyufa na kwenye mishono, na huko yanalegeza rangi ikabanduka upesi zaidi. Fundi yule alitumia muda mrefu kuondoa mafuta yangu kuliko aliotumia kupaka rangi mpya, kwa sababu rangi haishiki juu ya mafuta.

Nayo sabuni ya unga ina magadi, na ngozi iliyotengenezwa kiwandani ina asili ya tindikali kidogo. Hivyo viwili havipatani. Inatoa uchafu, sikatai, lakini inakausha na kuchosha utando kila inapopita, hasa isiposuuzwa vizuri.

Kwa hiyo ondoa kwanza kichwani lile wazo la mng'ao. Siti mpya ya ngozi kwa kawaida imefifia kidogo, na ukiigusa ni kavu na laini. Ikianza kung'aa pale unapokalia, huo ni uchafu: jasho, mafuta ya mwili na vumbi vimeshindiliwa hadi vikawa kama nta.

Sasa hivi naanza na mashine ya kuvuta vumbi, yenye kichwa cha brashi laini, na nakaa sana kwenye mishono na kwenye lile pengo kati ya mgongo wa siti na kikalio. Mchanga wa huko usipotoka, utausugua kwenye ngozi kwa kitambaa chako mwenyewe. Kisha nachukua dawa maalumu ya kusafishia ngozi isiyo na ukali. Nisipokuwa nayo, matone machache ya shampuu ya mtoto kwenye lita 1 ya maji ya uvuguvugu yanatosha. Dawa naiweka kwenye brashi laini au sponji, siimwagii siti. Kwa siti zenye vitundu hili ni sharti, kwani maji yakishaingia kwenye sponji ya ndani hayatoki kirahisi, na chini yake kuna nyaya. Nasafisha eneo la viganja viwili tu kwa wakati mmoja, nazungusha bila kukandamiza. Povu linaanza jeupe, linageuka rangi ya chai ya maziwa. Nalifuta papo hapo kwa kitambaa chenye unyevu, kabla halijakauka na kurudisha uchafu mahali pake, halafu napitisha kitambaa kikavu. Povu likibaki jeupe, nimemaliza. Ukiona kitambaa kinachukua rangi ya siti yenyewe, acha mara moja. Umeshafika kwenye rangi.

Kazi hiyo naifanya kila baada ya miezi miwili au mitatu. Katikati yake nafuta tu vumbi kila wiki kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Baada ya kusafisha napaka kinga ya ngozi ya maji maji, isiyo na mafuta, safu nyembamba, na naiacha usiku kucha kabla ya mtu kukalia. Kwa siti za rangi ya maziwa kinga hii ni ya lazima. Jinzi mpya hutoa rangi, na bluu ile ikikaa mwezi kwenye joto letu, haitoki. Kinga inapokea rangi hiyo yenyewe, nawe unaifuta pamoja nayo.

Kuna adui mwingine asiyesemwa. Dawa ya mbu ya kujipaka yenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, inayeyusha baadhi ya plastiki, na utando wa siti ni wa jamii hiyohiyo. Vitakasa mikono vyenye spiriti, tulivyozoea kubeba tangu 2020, vinaharibu vilevile. Tazama sehemu ya kuwekea mkono katikati ya siti za mbele; ikiwa inanata, huenda sababu ni hiyo. Jipake, subiri ikauke, ndipo uingie garini.

Jua nalo usilidharau. Kizuizi cha kioo cha mbele ni kitu rahisi, na mimi nakiweka hata nikishuka kwa nusu saa.

Wakati wa masika shida inageuka. Mwaka mmoja nilisafiri, gari likakaa wiki tatu limefungwa vioo, nikakuta madoa meupe yenye kijani kwenye siti ya nyuma na harufu ya stoo. Usiufute ukungu ukiwa ndani ya gari lililofungwa. Toa gari nje, fungua milango yote, futa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha kwa maji safi, na uache upepo ukaushe. Angalia pia chini ya mazulia, maana unyevu mara nyingi unatoka huko.

Na kama ukingo umeshapasuka kama wangu, hakuna dawa ya chupa itakayourudisha. Nyufa nyembamba fundi anaweza kuzijaza na kuzipaka rangi inayolingana. Zilizokwisha kufungua ngozi hadi sponji inaonekana, mwambie abadilishe kile kipande cha ukingo peke yake. Siti imeshonwa kwa vipande, na si lazima uivue yote. Ila ikiwa gari lako lina mifuko ya hewa ubavuni mwa siti, mkumbushe kabla hajashika mkasi, kwa sababu mshono wa pale umetengenezwa uachie wakati wa ajali, na ukishonwa kwa uzi mgumu mfuko huenda usitoke inavyotakiwa.